Televisheni ya Chumba cha Wageni

Kila siku baada ya shule, Chiriku na Pacha walipita njia moja, kwa mwendo mmoja, wakigawana mkate mmoja. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Pacha hakuwa pacha wa mtu yeyote. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani, ambao walikuwa wamechoka kuuliza "mwenzako yuko wapi?" kila walipomwona mmoja peke yake. Walianza darasa la kwanza siku moja, na sasa walikuwa darasa la sita, dawati moja, Pacha akikaa upande wa dirishani.

Kabla ya kwenda nyumbani walipitia kwanza kwenye karakana ya baba yake Pacha, fundi wa televisheni. Kilikuwa chumba kimoja kilichoelekea barabarani, na ndani yake televisheni zilipangwa sakafuni zikiwa zimefunguliwa migongo, nyaya nje. Fundi alikuwa na mikono myepesi, ila mwandiko wake ulikuwa balaa. Hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Kwa hiyo kazi ya kuandika ilikuwa ya Pacha. Kila televisheni iliyoletwa, Fundi aliifungua, akaichunguza, akautaja ugonjwa wake kwa sauti. Pacha akauandika kwenye kipande cha utepe wa karatasi na kukibandika ndani ya mfuniko wa nyuma, ili siku ya matengenezo baba yake asianze kutafuta upya.

Utepe wenyewe ulikuwa wa buluu, ule wanaoutumia wapaka rangi kufunika kingo za milango. Chiriku ndiye aliyekuwa akimletea. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na mabaki ya utepe hayakukosekana kwao.

"Andika," Fundi alikuwa akisema huku ameuma bisibisi mdomoni. "Haina sauti. Spika imepasuka."

Pacha aliandika polepole, herufi zake zimenona, na juu ya kila i aliweka kiduara badala ya nukta. Mwalimu alimkataza mara nyingi, naye akasahau mara nyingi vilevile.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka Shangazi alipovunjika mguu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake Chiriku. Alikuwa mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya watu wa mji ule na ambaye hadi leo aliwakemea wote kama watoto wake. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Siku hiyo alipanda stuli ili abadilishe balbu; stuli ikaenda huku, yeye akaenda kule. Daktari alimfunga plasta ngumu kuanzia unyayo hadi juu ya goti, akamwambia asikanyage ngazi kwa wiki sita. Akianguka tena juu ya mfupa ule, alisema, hatatembea bila gongo maisha yake yote.

Basi wakamleta nyumbani kwa mdogo wake. Chumba cha wageni, ambacho kwa miaka mingi kiliwapokea wageni wa aina moja tu, yaani ndoo za rangi, kilifagiliwa, kikapigwa deki, kikatandikwa kitanda. Shangazi aliketi juu ya kitanda hicho, mguu umenyooshwa mbele yake, akatazama kuta nne moja baada ya nyingine.

"Chumba kizuri," alisema. "TV iko wapi?"

Baba alijikuna kidevu. "Iko sebuleni, dada. Imefungwa ukutani."

"Na sebuleni kunafikiwaje?"

"Kuna ngazi tatu za kushuka."

"Basi mimi nitakaa hapa wiki sita nikitazama ukuta?" Shangazi aliuliza. "Mwanangu, kila siku saa kumi na moja jioni kuna tamthilia yangu. Yule mama aliyebadilishiwa mtoto hospitalini. Sijawahi kuikosa hata siku moja. Kama hapa haipo, niitieni taksi nirudi kwangu."

Wote walicheka, wakidhani anatania. Kesho yake asubuhi Mama, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alimkuta wifi yake amekwisha kuvaa, mkoba mapajani, akiongea na dereva wa taksi kwa simu. Alimnyang'anya simu kwa maneno matamu, lakini jasho lilimtoka.

"Huyu akirudi kule juu, ataanguka," Mama alimwambia Baba jikoni. "Na akianguka, hakuna atakayejua mpaka kesho yake."

"Tutafute TV ndogo," Baba akasema. "Ya bei nafuu, ya chumba kile tu. Akipona, itabaki ya wageni."

Siku hiyohiyo jioni Baba alimchukua Chiriku wakaenda duka kubwa la vifaa vya umeme. Waliiona televisheni moja ndogo, mpya, ndani ya boksi lake, yenye garantii ya mwaka mzima. Baba aliigeuza huku na huku. Ilizidi kidogo kile alichopanga, lakini alikuwa tayari ameanza kutoa pochi mfukoni.

Chiriku alimshika mkono.

"Baba, ngoja! Kwa baba yake Pacha ipo kama hii hii. Imetumika, lakini ni nafuu sana. Nimeiona juzi, iko kwenye rafu ya kuuza."

"Vitu vilivyotumika vina mambo yake, mwanangu."

"Lakini ni baba yake Pacha!"

Chiriku alisema hivyo kama mtu aliyemaliza mjadala. Baba aliitazama tena ile mpya, kisha akamtazama binti yake.

"Haya. Mwenzako anashinda pale karakana. Kesho muulize kama ile TV ni nzima. Akisema nzima, tutaichukua."

Kesho yake wakati wa mapumziko, Chiriku alimvuta Pacha hadi kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa. Alimweleza yote, kuanzia plasta hadi taksi, akatia na chumvi kidogo penye taksi.

"Sasa niambie. Ile TV ndogo iliyoko kwenye rafu, ni nzima?"

Pacha aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa tayari. Aliifungua, akaifunga upya.

"Nzima," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Mimi nikufiche wewe?"

Chiriku hakuhitaji zaidi. Jioni alimpelekea Baba jibu mbio mbio, na siku hiyohiyo wakaenda karakana. Fundi aliiwasha, picha ikatokea safi, rangi zinang'aa. Baba alilipa, na Chiriku akaibeba televisheni mwenyewe hadi nyumbani, akiikumbatia, akikataa kusaidiwa. Jambo moja tu lilimshangaza. Alipomwita Pacha waende naye wakaone Shangazi atakavyofurahi, Pacha alisema anaumwa tumbo.

*

Kwa siku nne chumba cha wageni kilikuwa mahali pa furaha kuliko pote ndani ya nyumba. Televisheni ilikaa juu ya meza ndogo miguuni pa kitanda. Ikifika saa kumi na moja kasoro dakika tano, Shangazi alivaa miwani, akajitengenezea mito, akamwamuru kila mtu anyamaze, kisha akaongea yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

"Muone yule muuguzi! Kamba ya jina la mtoto anaiweka mezani! Mezani! Katika wodi yangu asingebadilishwa hata kifaranga."

Chiriku alikaa pembeni ya kitanda akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Taksi haikutajwa tena. Mama alikwenda kazini alfajiri moyo wake umetulia.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Mama wa kwenye tamthilia alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba anamoishi mtoto wake wa kweli. Alinyoosha mkono kubisha hodi. Hapo kioo kikawa cheusi tii.

Sauti iliendelea. Hodi ilisikika, mlango ukasikika ukifunguliwa, mtu akapiga ukelele, muziki ukapanda. Picha hapana. Chiriku alibonyeza kila kitufe cha rimoti, akachomoa waya, akauchomeka tena. Wapi! Televisheni iliongea gizani.

Shangazi alivua miwani yake taratibu, akaifuta, akaiweka ndani ya kasha.

"Izime," alisema. "Nimeelewa. Mgeni wa wiki sita hununuliwa TV ya siku nne."

"Siyo hivyo, Shangazi!"

"Si nakwambia nimeelewa? Na wala sijakasirika. Mzigo ni mzigo tu, hata uwe wa damu yako."

Chiriku alitaka kumwambia kwamba Baba alikuwa tayari kununua mpya, kwamba pochi ilikuwa mkononi. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema pia nani aliyeuzuia mkono ule. Akazima televisheni, akatoka.

Jumamosi asubuhi Baba na Mama walikuwa kazini. Chiriku alikuwa akiosha vyombo aliposikia kishindo cha magongo kwenye ukumbi. Alikimbia mikono ikimtiririka povu. Shangazi alikuwa amefika kwenye zile ngazi tatu, mkoba begani, na gongo moja likiwa limeshatangulia hewani. Chiriku alimdaka kiunoni. Walipepesuka wote wawili, wakaketi kwa kishindo juu ya ngazi ya kwanza, gongo likaporomoka hadi sebuleni.

Shangazi alikuwa akihema, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Kwangu mimi ni mtu," Shangazi alisema mwishowe. "Najipikia, najifulia, watu wananigongea wakitaka ushauri. Hapa nimekuwa mguu tu. Wakati wa tamthilia tu ndipo nilikuwa nasahau kwamba nina mguu." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Jumatatu taksi inakuja, saa kumi na robo alasiri. Nimeshaongea na dereva. Na safari hii wifi yangu asinizuie."

*

Baba aliporudi mchana alisikia habari hiyo, akaifunga televisheni ndani ya shuka, wakaenda nayo karakana, yeye na Chiriku.

Fundi hakuinua hata uso kutoka kwenye kazi yake.

"Mliijaribu hapahapa, ikawaka," alisema. "TV ni mashine, bwana. Ikishatoka mlangoni, mimi simo."

"Siku nne, Fundi?"

"Ingeweza kuwa miaka minne. Ni bahati tu."

Pacha alikuwa nyuma ya meza, kichwa kimezama kwenye kitabu. Chiriku alimngoja amtazame. Ukurasa haukugeuzwa, na macho hayakuinuka.

Njiani Baba aliihamisha TV bega la pili. Kisha akauliza, "Una hakika mwenzako hakujua?"

"Hakujua, Baba! Pacha hawezi kunidanganya. Angejua angeniambia."

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi mwingine, mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa jina la Mama Waya. Aliiweka televisheni kifudifudi juu ya blanketi, akafungua skrubu, akainua mfuniko wa nyuma.

"Nyuma ya kioo hiki kuna taa ndogo ndogo," alieleza, kwani aliona Chiriku ametoa macho. "Zimepangwa mstari mmoja. Umeme unapita kwa hii ndipo ufike kwa ile. Ikifa moja, zote zinazima, na dawa yake ni kubadilisha mstari wote. Sasa tazama hapa. Kuna mtu alichukua mabaki ya waya akaunganisha umeme uziruke zile zilizokufa. Picha inarudi, lakini taa zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao. Zinapata moto, zinakufa moja moja. Hii haikuwa ya kuishi hata wiki."

"Fundi aliyeifungua alijua?" Baba aliuliza.

Mama Waya aligeuza mfuniko aliokuwa ameuweka kando.

"Si alijua tu. Ameandika."

Ndani ya mfuniko palikuwa na kipande cha utepe wa buluu. Fundi alikuwa amesahau kukibandua. Chiriku alisogea. Herufi zilikuwa zimenona, zimeandikwa polepole: *Taa 3 zimekufa. Zimerukwa. Isiwashwe zaidi ya saa moja.* Na juu ya kila i palikuwa na kiduara.

Alisoma mara mbili. Mara ya tatu macho yalikataa. Baba naye alikuwa akiutazama utepe, akautambua, maana ulikuwa wake. Aliweka tu mkono juu ya bega la binti yake.

Chiriku hakulia pale. Aliubandua ule utepe, akaufumba kiganjani. Mtu aliyekaa naye dawati moja miaka sita, aliyegawana naye mkate, alikuwa ameyaandika maneno haya kwa mkono wake, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu na kusema *mimi nikufiche wewe?* Na utepe alioutumia alipewa na huyohuyo aliyemdanganya. Hilo lilimuuma kuliko yote.

*

TV ilirudi nyumbani mbovu vilevile, kwani Mama Waya hakuwa na taa za aina ile, na Baba hakubaki na pesa ya kununua mpya. Jumapili Chiriku alikwenda nyumbani kwa kina Pacha peke yake. Hakubisha hodi kama kawaida kwa kuimba. Aligonga mara moja. Pacha alifungua, na alipouona ule utepe kiganjani mwa Chiriku, uso ulimshuka.

"Huu mwandiko wa nani?" Chiriku aliuliza.

"Wangu."

"Uliandika lini?"

"Kabla... kabla hujaniuliza. Siku tatu kabla."

"Kwa hiyo pale bombani ulikuwa unajua."

Pacha alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Baba alisema mambo ya karakana hayatoki nje ya karakana. Ningefanyaje? Ni baba yangu."

"Ungesema hujui! Ungesema tu, 'Chiriku, nunueni ile mpya.' Maneno manne! Shangazi jana nusura avunjike mara ya pili. Kesho anaondoka. Na Baba aliacha mpya dukani kwa sababu nilimwambia wewe umesema."

"Ulikuwa na furaha sana siku ile," Pacha alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kukuharibia."

"Basi umeniharibia vizuri," Chiriku alijibu. "Tafuta pacha mwingine."

Aliondoka bila kugeuka nyuma. Alipofika kona ya mtaa, ambako hakuna aliyemjua, aliketi kwenye ukingo wa mtaro akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Jumatatu darasani, Chiriku alihamia dawati la nyuma. Mwalimu wa hisabati alishangaa kwamba somo lake lilipita kimya tangu mwanzo hadi mwisho, akauliza kama kuna mgonjwa. Kila Chiriku alipoinua macho aliuona mgongo wa Pacha karibu na dirisha, na nafasi tupu kando yake. Alitaka kuuchukia mgongo ule. Aliuchukia, lakini si kwa urahisi aliotarajia.

Baada ya shule alizungukazunguka peke yake mitaani. Aliporudi nyumbani saa kumi alasiri, Shangazi alikuwa tayari ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa kichwani, sanduku miguuni. Mama alisimama mlangoni macho mekundu. Alikuwa ameishiwa na maneno yote matamu aliyokuwa nayo.

"Njoo unipe mkono, mwanangu," Shangazi alisema. "Usiwe na huzuni. Mmejitahidi kadiri mlivyoweza."

Hapo ndipo kitu kilipomchoma Chiriku. Tangu Jumamosi alikuwa amemchukia Pacha kwa neno ambalo hakulisema. Na yeye je? Tangu Ijumaa shangazi yake aliamini kwamba mdogo wake wa damu amemnunulia kikorokoro kwa ubahili, na mtu pekee aliyejua kwamba anaamini hivyo, na kwamba si kweli, alikuwa yeye, na alikuwa amefumba mdomo wake usiofumbika.

"Shangazi, Baba hakutaka ile TV," alisema ghafla. "Alitaka mpya. Pochi ilikuwa mkononi. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa sababu ya rafiki yangu. Rafiki yangu alijua ni mbovu akaniambia ni nzima, nami nikamwambia Baba. Wewe si mzigo. Hakuna aliyesema hivyo. Nilijua unafikiri hivyo, nikanyamaza kwa sababu niliona aibu."

Shangazi alimgeukia.

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa."

"Siku tatu nimelala hapa nikimhesabia mdogo wangu makosa tangu alipokuwa ananyonya," Shangazi alisema polepole, "na wewe unapita hapo mlangoni na sahani yangu ya chakula."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kabla hajajibu, nje kulisikika hodi.

Alikuwa Fundi, kisanduku cha vifaa mkononi na furushi refu jembamba kwapani. Nyuma yake alisimama Pacha.

"Shikamoo, mkunga," Fundi alisema, kofia mkononi. Kumbe naye alikuwa mmoja wa wale waliozaliwa mikononi mwake.

"Marahaba. Vua viatu. Umekuja na lipi?"

Fundi alivua viatu. "Mchana huu alikuja mteja, anataka TV ya kwenye rafu. Akamuuliza huyu mwanangu kama ni nzima. Akajibu, mbele yangu, 'Hapana. Imerukwa taa mbili. Itazima.' Mteja akaondoka. Nilifunga karakana nimwadhibu mtoto. Nimekaa saa nzima nikitafuta la kumwambia, sikulipata." Alifungua lile furushi. "Hizi ni taa mpya, mstari mzima. Natengeneza hapahapa mbele yako. Na hizo nyingine zote kwenye rafu nimezishusha."

Honi ya taksi ililia barabarani. Wote walimgeukia Shangazi. Alikuwa akimtazama Pacha, ambaye alikuwa amejibanza kwenye fremu ya mlango kama nguo iliyosahauliwa.

"Wifi," Shangazi alimwambia Mama, "mwambie dereva arudi baada ya wiki tano. Nina watoto wawili wa kushughulikia hapa."

Mama alitoka mbio, karibu aanguke yeye kwenye zile ngazi.

Fundi alipiga magoti sakafuni akaanza kufungua skrubu. Shangazi aliwaita wasichana wawili, akawaketisha kitandani, mmoja kila upande.

"Nilipoanza kazi," alisema, "kliniki yetu ilikuwa na mizani mbovu ya kupimia watoto. Ilizidisha uzito. Mkubwa wangu aliniambia ninyamaze mpaka mpya ifike. Siku moja akaja mama na mtoto wake mdogo sana, akaniuliza mimi, si mkubwa wangu. 'Dada, mwanangu anaongezeka?' Nikamwambia anaongezeka. Alifurahi! Alinishukuru mpaka nikaona haya."

"Mtoto alikuwa anapungua?" Pacha aliuliza.

"Alikuwa anakwisha. Sikulala. Asubuhi nilimtafuta yule mama nyumba kwa nyumba mpaka nikampata. Nikamwambia nilikudanganya, mlete tumpeleke hospitali. Alinitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, na nilistahili kila moja. Lakini mtoto alipona." Alimshika kila mmoja mkono. "Sikilizeni. Mtu akikuuliza jambo kwa sababu anakuamini, ameshaacha kujilinda. Atafanya kama ulivyomwambia. Ukimdanganya hapo, au ukinyamaza wakati unaona anapotea, umemwachia aanguke. Haijalishi nani alikuagiza, na haijalishi ulimwonea huruma kiasi gani. Na mkishakosea, msingoje mpaka mtu afunge sanduku lake. Mfuateni siku hiyohiyo, mseme, mkubali kutukanwa."

Fundi aliyekuwa sakafuni aliacha kukaza skrubu kwa muda. Kisha akaendelea, kichwa chini.

Pacha aligeuka. "Nisamehe, Chiriku. Nisamehe na wewe, Shangazi."

Shangazi alimpapasa kichwani. Chiriku aliendelea kutazama bisibisi ya Fundi.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili televisheni iliwaka. Picha ilikuwa safi. Fundi alifunga mfuniko, akasema itabaki imewashwa mbele yake kwa saa nzima ndipo aondoke, na Shangazi akamwambia kama ni hivyo akae chini na anyamaze. Muziki wa tamthilia ukaanza.

Pacha alisogea karibu na sikio la Chiriku. "Bado umenikasirikia?" alinong'ona.

Chiriku aliona macho yale yakimwomba jibu jema. Ilikuwa rahisi kusema hapana, na kumfurahisha. Alifikiri kidogo.

"Ndiyo," alijibu. "Bado sana. Lakini sogea huku, hapo ulipo huoni vizuri."